Spana kwanza, pochi baadaye: kutunza na kuboresha CNC ndogo ya 3018

"Kaka, mbona duara langu linatoka kama yai?" "Fundi, upande wa kushoto biti inazama, upande wa kulia haigusi hata mbao." "Nimebadilisha mota nimeweka kubwa, lakini bado inatetemeka." Maswali ni hayo hayo, yanapokezana tu waulizaji. Nimechoka kujibu kwa sauti za simu usiku, kwa hiyo naandika mara moja, nawe usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Ninayoizungumzia ni 3018, ile mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta (ndiyo CNC), ya kuunganisha mwenyewe, ambayo eneo lake la kazi ni kama milimita 300 kwa 180. Ninayo moja Kirumba, Mwanza, chumba kimoja, upepo wa ziwa unaingia dirishani na harufu ya dagaa wa mwaloni inaingia nao. Nachonga vibao vya maduka, majina ya mitumbwi, na vishika funguo vya umbo la sato. Kama yako ni ya aina nyingine lakini inaendeshwa na GRBL, yaani programu iliyo ndani ya ubongo wa mashine, karibu yote yaliyomo humu yatakufaa.

Nikuambie mapema ninavyoamini: mashine nyingi ninazoletewa hazina ubovu wowote. Zimelegea, zimejaa vumbi na hazijakaa skwea. Mwenye mashine ameshatumia pesa kununua mota mpya wakati tatizo lilikuwa bolti moja ya M5.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Spana za alenki, seti nzima. Zile zinazokuja ndani ya boksi ni laini, huliwa kona haraka na kuharibu vichwa vya bolti.
- Kalipa. Ya dijitali ni rahisi kusoma, ya kawaida haihitaji betri.
- Skwea ya fundi seremala, iliyonyooka kweli. Ipime kwanza: chora mstari ukiiegemeza ukingoni mwa ubao ulionyooka, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikiachana, skwea hiyo ni pambo.
- Mswaki wa zamani, brashi ya rangi, vitambaa visivyotoa nyuzi, mafuta ya taa kidogo.
- Mafuta ya cherehani. Siyo grisi, sababu nitaieleza.
- Multimita ya bei ndogo.
- Kioo kinene au ubao mzito ulionyooka wa kuwekea mashine. Mwanza ni jiji la mawe, lakini jiwe tambarare la kukalia mashine utalitafuta hadi uchoke.
- Barakoa na miwani. Vumbi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ni laini mno na lina gundi ndani yake, usilivute.

Tenga siku nzima. Jumamosi ambayo huna kazi ya mteja ndiyo nzuri.

Hatua

1. Zima, chomoa, safisha. Chomoa umeme wa ukutani na waya wa USB pia. Vyote viwili. Ondoa vumbi kwa brashi, ukianzia juu kushuka chini. Usilipulize kwa kompresa: utalisukuma ndani ya beringi za kuteleza, na likishaingia humo halitoki, linasaga. Meno ya zile skrubu ndefu yasugue kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa, huku ukizungusha skrubu kwa mkono polepole. Utashangaa tope jeusi litakalotoka. Futa mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Hapa kuna jambo la kwetu sisi wa kandokando ya ziwa. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wanafuata taa. Nilifanya kazi usiku mmoja dirisha likiwa wazi, taa ikiwaka juu ya mashine. Asubuhi reli zote mbili zilikuwa zimevaa manyoya: wadudu waliogandia kwenye grisi, wamechanganyika na unga wa mbao, ukipitisha kidole unahisi kama msasa. Mhimili wa X, ule wa kushoto na kulia, ulikuwa unakwama kila sentimita kumi. Tangu siku hiyo grisi nimeiacha, na dirisha lina wavu.

2. Kaza kila kitu, lakini kwa mpangilio. Weka mashine kwenye kioo na uibonyeze kona moja moja. Ikiyumba, legeza bolti za fremu ya chini nusu mzunguko, iache ikae yenyewe miguu yote minne, ndipo ukaze. Ukikaza fremu ikiwa imepinda, umeufunga ule upindo ndani yake na utaukuta kwenye kila kazi.

Baada ya fremu kaza nguzo za daraja, yaani lile linalobeba mota ya kukatia. Kisha vishikio vya reli, kisha mota za kuendeshea, na mwisho kapla zinazounganisha mota na skrubu. Kapla ndizo zinazosahaulika, kwa sababu zimejificha. Kila kapla ina vijiskrubu pande mbili. Kimoja kikilegea, mota inazunguka lakini meza inabaki nyuma kidogo, na utaanza kuilaumu programu.

Usikaze kwa hasira. Fremu nyingi ni za alumini na plastiki. Jino likishakatika kwenye plastiki huna pa kukazia tena.

3. Pima skwea. Hapa ndipo yai linapotengenezewa, kwa hiyo usiikimbilie.

Kwenye 3018 daraja limesimama palepale na meza ndiyo inayokwenda mbele na nyuma. Mhimili wa X usipokuwa skwea na wa Y, yaani huo wa meza, kila mstatili utakuwa umelala upande. Chonga mstatili wa milimita 160 kwenye X na 120 kwenye Y, kina cha robo milimita tu, kwenye kipande cha MDF. Kisha pima kutoka kona hadi kona. Vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vinapaswa kusoma 200 kamili. Ni hesabu ile ile ya tatu-nne-tano ambayo fundi ujenzi anaitumia kwa kamba akipiga msingi.

Kimoja kikisoma 201 na kingine 199, daraja limekaa mshazari. Legeza bolti za nguzo za upande mmoja, sogeza nguzo hiyo kidogo sana mbele au nyuma, kaza, chonga tena. Mara ya kwanza utarudia mara nne au tano. Mimi nafurahi nikifika tofauti ya milimita 0.2. Kwa vibao vya maduka hata 0.5 haionekani na jicho la mteja, ila kwa kazi ya vipande vinavyoingiana, itakusumbua.

4. Ondoa mchezo kwenye nati. Shika meza kwa mikono miwili, mota zikiwa na umeme na zimejishika, uisukume mbele na nyuma. Ukisikia "tik, tik", inacheza. Ule mchezo ndio unaofanya duara liwe na vibapa viwili, kila mahali mhimili unapogeuza mwelekeo.

Nati ya shaba inayoshika skrubu ndefu mara nyingi huwa na springi na nati ya pili inayoisukuma. Springi ikichoka au ikiwa haijabanwa vya kutosha, mchezo unarudi. Isogeze nati ya pili ili springi ibanwe zaidi, lakini skrubu iendelee kuzunguka kwa vidole viwili. Ukihitaji mkono mzima, umezidisha na mota itapoteza hatua. Kama yako ina nati moja tu isiyo na springi, hicho ndicho kifaa cha kwanza ninachokubali ununue.

Kupima: endesha mhimili milimita 5 kwenda upande mmoja, simama, bana kalipa au saa ya kupimia igusane na meza, isome. Sasa rudisha kwa 0.02, moja moja, ukihesabu mpaka namba ianze kusogea. Ulichohesabu kabla haijasogea ndio mchezo wako. Ukizidi 0.1 ufanyie kazi. Usitafute mpangilio wa kuufidia ndani ya GRBL, haumo; nati ndiyo dawa.

Malizia kwa matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye skrubu na reli, uendeshe kila mhimili mwanzo hadi mwisho mara kumi, kisha ufute yaliyozidi. Chuma king'ae, kisidondoshe.

5. Hakikisha milimita ni milimita. Unganisha kompyuta, mwendo wa mawasiliano uwe 115200, andika `$$` kwenye programu unayoendeshea mashine. Itakuletea orodha. `$100`, `$101` na `$102` ni idadi ya hatua kwa kila milimita za X, Y na Z (Z ni mhimili wa juu na chini). Kwenye 3018 nyingi utakuta 800. Imetoka hapa: mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva (kile kijisakiti kinachoiendesha mota) inaigawa kila hatua mara 16, na skrubu inasogeza milimita 4 kwa mzunguko. Mia mbili mara kumi na sita, gawa kwa nne.

Iagize isogee milimita 100, pima ilikofika. Namba mpya ni namba ya zamani mara ulichoagiza, gawa kwa ulichopata. Ukipata 99.6, hesabu ni 800 × 100 ÷ 99.6, yaani 803.2. Andika `$100=803.2`.

Lakini ngoja. Mwendo wa skrubu haubadiliki wenyewe. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hapo, pima upya kabla hujagusa namba, kwa sababu mara nyingi kalipa ilikaa mshazari au mchezo wa hatua ya 4 bado upo. Na ikisogea nusu kamili au mara mbili kamili, basi skrubu yako ni ya mwendo tofauti au draiva imepangwa tofauti. Hapo badilisha bila wasiwasi. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha orodha nzima ya `$$`. Kuna kijana wa Nyegezi alikuja na mashine "iliyokufa". Alikuwa amefuta namba zote na hakumbuki hata moja.

6. Simamisha mota ya kukatia wima. Ikilala hata kidogo, sakafu ya mchongo itakuwa na mistari kama shamba lililolimwa matuta. Chomoa umeme wa mota. Funga kwenye koleti, pale inapobanwa biti, waya mgumu uliokunjwa kama herufi L, ncha yake ifike sentimita 6 au 7 kutoka katikati. Shusha Z mpaka ncha iguse karatasi mezani kwa shida, kisha zungusha kwa mkono: kushoto, nyuma, kulia, mbele. Pale karatasi inapobanwa na pale inapopita bure ndipo unapojua mota imelalia wapi.

Kurekebisha, kata vipande vya kopo la soda, unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, uvipachike nyuma ya kishikio cha mota upande wa juu au wa chini. Kwa kulala kushoto au kulia, legeza kishikio na ukizungushe.

7. Weka ubao wa kafara na uusawazishe. Ni MDF ya milimita 12 unayoifunga juu ya meza, ili biti ikipitiliza ikate ubao huo badala ya alumini. Vichwa vya skrubu vizame ndani kabisa. Kisha uparaze wote kwa biti pana, kina cha milimita 0.3. Baada ya hapo hutakuwa na swali la "kushoto inazama, kulia haigusi". MDF inanyonya unyevu na kuvimba, kwa hiyo mvua za masika zikiisha na za vuli zikiisha, mimi naparaza tena. Usiku mashine naifunika kwa kanga kuukuu. Plastiki inafungia jasho ndani, na reli zinaota kutu.

8. Jilinde na umeme unaokatika. Wengi hawalijui hili, na mimi nililijifunza kwa kuharibu kazi. Nilikuwa nachonga kibao cha mtumbwi, NEEMA, mninga safi, mteja anasubiri aondoke na meli ya kwenda Ukerewe. Umeme ukakatika. Kompyuta ya mkononi ikaendelea kwa betri yake, na ubongo wa mashine unakula umeme wa USB, kwa hiyo nao ukaendelea kutoa amri na kujihesabia umefika. Mota ndizo zilizokufa. Baada ya nusu dakika umeme ukarudi, mota zikaamka, na biti ikaanza kuifuata njia ya herufi ya M ikiwa bado imesimama kwenye E. Mteja aliondoka bila kibao.

Kwa hiyo umeme ukikatika, fanya kwa mpangilio huu: kwanza zima swichi ya pawasaplai ya mashine, ili isiamke yenyewe, pili simamisha kazi kwenye programu, tatu andika mstari iliyofikia. Na kabla ya kila kazi toboa kitundu kidogo kwenye ubao wa kafara pale unapoanzia sifuri, kina cha milimita moja. Ukirudisha biti kwenye kitundu hicho umerudisha sifuri yako ya X na Y. Z utaipima upya kwa karatasi.

Sasa pochi

Ukishafanya yote hayo, kama bado una hamu ya kununua, nunua kwa zamu hii.

Biti nzuri kwanza. Biti butu inafanya mashine nzima ionekane mbovu. Kisha swichi za kikomo: ukizifunga, washa `$22=1`, weka urefu halisi wa mihimili yako kwenye `$130` hadi `$132`, halafu `$20=1` ili ikatae kazi inayozidi meza. Kuanzia hapo kila siku unaanza na `$H`, mashine ijitafute yenyewe ilipo. Kisha kitufe chekundu cha dharura kinachokata umeme wa mashine, mahali mkono unapofika bila kuvuka juu ya biti. Kisha kibati cha kugusia cha kupimia Z, kitakupumzisha na karatasi.

Mota kubwa ya kukatia iko mwisho kabisa. Ni nzito, kishikio cha Z kitainama, na utaanza upya hatua ya 6. Mashine hii nguvu yake haiko kwenye mota. Udhaifu wake ni fremu. Ndiyo maana ukate kidogo kidogo: kwenye msonobari, biti ya milimita 3.175, mimi naanza na kina cha milimita 0.5 hadi 1 na mwendo wa milimita 500 kwa dakika. Kwenye alumini nashuka hadi 0.1 na subira nyingi. Tazama kinachotoka: vikitoka vijipande, uko sawa. Ukitoka unga laini na mbao inaanza kunuka kuungua, ongeza mwendo au punguza mzunguko. Biti inasugua, haikati.

Ikikataa

*Kompyuta haiioni kabisa.* Mara nyingi ni kwamba kwenye kompyuta haijawekwa draiva (hii ni programu, siyo kile kijisakiti) ya CH340, chipu ya USB ya mashine. Jaribu pia waya mwingine wa USB. Zipo nyaya za kuchajia simu tu, hazina njia ya data.

*Inaandika ALARM na haisikii amri.* Ikiwa ni ALARM:1, swichi ya kikomo imeguswa, au waya wake umeokota kelele za mota. ALARM:2 maana yake kazi yako inatoka nje ya meza. Bonyeza Reset kwenye programu, kisha andika `$X` kuifungua, ila ujue sababu kwanza. Ukiona error:9, hajakosea mtu, bado imejifunga.

*Inakatika mawasiliano mota ya kukatia ikiwaka.* Ni kelele ya umeme. Tenganisha waya wa mota na wa USB, visilale pamoja. Tumia waya mfupi wa USB. Kwenye mota yenye brashi, kapasita ndogo yenye alama 104 ikichomelewa kati ya vituo vyake viwili hutuliza sana. Hakikisha pia soketi yako ina ethi ya kweli, siyo tundu la tatu la mapambo.

*Herufi zinahama ghafla katikati ya kazi.* Imepoteza hatua. Shika kapla, zikague. Kisha punguza `$110` na `$111`, ambazo ni mwendo wa juu, na `$120` na `$121`, ambazo ni kasi ya kuchapuka. Gusa na draiva: zikiwa za moto wa kuunguza, zinajipumzisha zenyewe. Feni ndogo ya kompyuta inatosha.

*Z inashuka yenyewe ikisimama.* Andika `$1=255` ili mota zisiachie. Zitapata joto, ni kawaida, ila zisifike mahali huwezi kuweka kidole.

*Inalia kama filimbi mhimili ukienda, haisogei.* Chomoa umeme mara moja. Mara nyingi waya mmoja wa mota hiyo umelegea kwenye plagi yake. Usiuchomeke huku umeme ukiwa umewashwa, utaichoma draiva, na yangu ya kwanza ilikwenda hivyo hivyo, na moshi mdogo wa buluu.